Fedha imekatwa, jibu halijaja: hasara isiyoandikwa daftarini Kigoma

KIGOMA

Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, bei ya dagaa imeamuliwa na mambo mawili tangu enzi za karabai: mwezi na upepo. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, mitumbwi hubaki ufukweni, mzigo huadimika na bei hupanda. Giza likirudi dagaa hujaa na bei hushuka. Kusi ikivuma kwa nguvu, mizigo ya vijiji vya kaskazini na kusini huchelewa, na anayenunua Kibirizi hulipia ucheleweshaji huo. Mfanyabiashara mzoefu huyajua haya yote na huyaingiza katika hesabu kabla hajanunua hata gunia moja.

Siku hizi lipo jambo la tatu, ambalo halimo katika hesabu za mtu yeyote. Mnunuzi amelipa kwa simu, fedha imekatwa kwenye salio lake, lakini muuzaji hajapata ujumbe. Mwenye friza amenunua umeme, fedha imekatwa, namba za LUKU hazijaja. Msafirishaji amelipia ushuru, fedha imekatwa, mashine ya ofisa bado inasema anadaiwa. Mahali pote hapo mtambo haukusema kwamba umeshindwa, wala haukusema kwamba umefanikiwa. Umenyamaza. Na wakati umenyamaza, samaki hawangoji.

Hasara ya ukimya huo haionekani katika bei ya soko. Haiandikwi risiti wala haina safu yake daftarini. Hata hivyo ipo, na kwa wafanyabiashara wadogo wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika inakula mtaji kama mchwa anavyokula nguzo: polepole, kwa ndani.

NAMBA ZA KUBEBA KICHWANI

Mfanyabiashara wa kawaida wa ukanda huu analazimika kuishi na namba nyingi kuliko karani wa benki wa zamani. Namba ya simu ina tarakimu 10. Namba ya mlipa kodi ina tarakimu 9. Namba ya malipo ya serikali, ambayo kila mtu huiita kontroo namba, ina tarakimu 12. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Na kila anaponunua umeme hupewa tarakimu nyingine 20 za kubonyeza kwenye mita.

Hakuna mtu aliyekaa na kuamua kwamba muuza migebuka wa Ujiji abebe mzigo huo wote. Kila taasisi ilibuni namba yake kwa mahitaji yake, na kila namba ina sababu nzuri ikitazamwa peke yake. Lakini anayezibonyeza zote ni mtu mmoja, mara nyingi kwenye simu ndogo ya vitufe, mikono ikiwa na maji ya samaki, jua likiwa kali kiasi cha kioo kutosomeka. Akikosea tarakimu moja, mtambo haumwambii ni ipi. Humwambia tu kwamba amekosea.

LUKU NA DAKIKA ZILIZOKWISHA

Mfano ulio wazi kuliko yote ni LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mita hizi hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, ambacho chimbuko lake ni Afrika Kusini. Ndani ya zile tarakimu 20 hufichwa kiasi cha uniti kilichonunuliwa na wakati ambapo namba ilitengenezwa. Vyote hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika. Mita ikipewa namba hiyo huifungua, huongeza uniti, kisha huhakikisha kwamba namba ileile haitumiki mara ya pili.

Wakati huo huhesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Waliobuni mpango huo waliutengea nafasi inayotosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Ni sawa na karani aliyepiga mistari ya daftari akaacha nafasi ya tarakimu sita, akiamini biashara haitafika milioni moja maishani mwake. Biashara ilifika. Dakika ya mwisho iliangukia tarehe 24 Novemba 2024.

Baada ya siku hiyo, mita ambayo haikubadilishiwa ufunguo isingeweza kupokea umeme mpya. Kwa sababu hiyo, katika mwaka 2024, TANESCO ilifanya kazi ya kuboresha mita nchini kote, kama yalivyofanya mashirika ya nchi nyingine zinazotumia mita za aina hiyo. Mteja aliyenunua umeme kwa mara ya kwanza katika zoezi hilo alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha mita, na la tatu ndilo lenye umeme. Yalipaswa kuingizwa kwa mpangilio huo, jumla tarakimu 60.

Kwa mwenye nyumba yenye taa tatu, hilo lilikuwa usumbufu wa nusu saa. Kwa mwenye friza iliyojaa samaki ni jambo lingine kabisa. Umeme wake ukikatika saa 8 usiku, anatafuta simu, ananunua, anapokea namba nyingi kuliko alizozoea, na anaanza kubonyeza gizani kwa mwanga wa simu hiyohiyo anayoisoma. Akianza na fungu la tatu kwa sababu ndilo lililotajwa kuwa na uniti, mita inakataa. Akikosea katikati, anarudia fungu zima. Kioo cha mita kina nafasi ya tarakimu chache tu, kwa hiyo hawezi kuona alichoandika mwanzo. Na mita inapokataa, mara nyingi hutoa neno fupi la Kiingereza au alama ambayo maana yake imo katika kijitabu alichokabidhiwa fundi, si mteja.

Zoezi lenyewe lilikuwa la lazima, na lilitangazwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba uamuzi wa wahandisi wachache kuhusu ukubwa wa nafasi ya kuhifadhia dakika ulikuja kulipwa miaka 32 baadaye, usiku, na mtu asiyewajua wala kujulikana nao.

MITA ILIKUWA MACHO, DUKA LILILALA

Pamoja na kasoro hiyo, haki itendeke. Mita ya LUKU ina sifa moja ambayo mitambo mingi iliyokuja baadaye haina. Yenyewe haihitaji mtandao. Namba ikishapatikana inaweza kuandikwa kwenye kipande cha karatasi, ikasafirishwa kwa boti siku nzima, na ikifika itafanya kazi kana kwamba imenunuliwa dakika hiyo. Waliobuni hawakudhani kwamba kila mahali pana waya wa simu, na kwa mazingira ya mwambao wa ziwa walikuwa sahihi.

Udhaifu uko upande wa pili, kwenye kununua. Katikati ya Mei 2021 wateja wa LUKU nchi nzima walishindwa kununua umeme kwa siku kadhaa kwa sababu mfumo wa mauzo ulipata hitilafu. Aliyekuwa Waziri wa Nishati, Medard Kalemani, aliwasimamisha kazi baadhi ya maofisa wa TEHAMA wa shirika hilo. Umeme ulikuwepo kwenye nyaya. Mita zilikuwa nzima. Fedha za wateja zilikuwepo. Kilichokosekana ni duka la kuuzia zile tarakimu 20.

Tukio hilo lina somo la kibiashara. Zamani huduma ilipoharibika, iliharibika mahali pamoja. Jenereta ya mji ikizimika, mji huo ndio uliokaa gizani, na Kigoma, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli, inaifahamu vizuri hali hiyo. Siku hizi duka ni moja kwa nchi nzima. Likifungwa Dar es Salaam limefungwa pia Mwanga, Katonga na Kagunga, na hakuna fundi wa karibu wa kumwendea.

JIBU LA TATU

Tatizo hilo la ukimya huonekana zaidi katika fedha za simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Kutuma fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulianza kurahisishwa mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga na mpango huo mwaka 2016. Hakuna mfanyabiashara wa Kigoma anayetamani kurudi nyuma. Reli ya kati kutoka hapa hadi Dar es Salaam ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na waliowahi kusafiri njia hiyo na mauzo ya msimu mzima yamefungwa kwenye kibindo wanakumbuka jinsi walivyokuwa hawalali.

Lakini huduma hii kwa wengi bado inapita kwenye menyu za nyota na reli, zinazofanya kazi hata kwenye simu ya bei rahisi. Menyu hizo zina saa yake ya kimya. Anayejibu polepole hukatiwa njiani na kuanza upya. Mtu anayetuma fedha kwenda mtandao mwingine huchagua kutuma, huchagua mtandao, huandika namba, huandika kiasi, husoma jina, kisha huweka namba ya siri. Mawimbi yakiyumba katika hatua ya mwisho, baada ya namba ya siri, mtumaji hajui yuko wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha matatizo. Mtambo wa fedha una majibu mawili anayoyaelewa kila mtu: fedha imefika, au haikwenda. Yote mawili yana ufumbuzi. Ikifika, mzigo unapakiwa. Isipokwenda, inatumwa tena. Kinachomponza mchuuzi ni jibu la tatu, ambalo mtambo haulitamki: haijulikani.

Chukua mfano wa mnunuzi wa dagaa aliyeko Tabora, anayemtumia fedha mwenye mzigo Kibirizi. Simu yake inaganda. Salio anapolitazama limepungua, lakini aliyeko Kibirizi hajapata ujumbe. Akituma tena, huenda akalipa mara mbili. Asipotuma, mzigo hauondoki. Mwenye mzigo naye akiruhusu magunia yapakiwe kwa neno tu, huenda amegawa mtaji wake. Akikataa, gari linaondoka na wapagazi wanadai ujira wao. Wote wawili ni waaminifu, na wote wawili wanaanza kutiliana shaka. Ujumbe ukija saa mbili baadaye, gari limeshafika mbali.

Kuchelewa huko kuna bei. Dagaa ambao hawajakauka vizuri wakinyeshewa na mvua wakiwa wanasubiri hubadilika rangi, na dagaa aliyebadilika rangi huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mnunuzi wa Tabora haijui sababu hiyo. Sokoni huonekana kwamba mzigo ulikuwa mbovu.

Wakala wa fedha naye ana masaibu yake. Akimpa mteja fedha taslimu kabla ya ujumbe wa uthibitisho, hasara ni yake. Akikataa, mteja humuona mwizi. Matapeli wanaujua mwanya huu. Ujumbe wa kughushi unaofanana na ule wa kampuni, au ule maarufu wa kumtaka mtu aitume ile fedha kwenye namba nyingine, unafanikiwa kwa sababu watu wamezoea ujumbe wa kweli kuchelewa na kuja bila mpangilio.

ZIWA LENYE MITANDAO YA NCHI NNE

Mwambao huu una tatizo jingine ambalo mtengenezaji wa programu aliyekaa mji mkuu hawezi kuliona. Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mawimbi ya simu hayajui mpaka. Kaskazini, kuelekea Kagunga, na katikati ya maji, simu inaweza kuacha mnara wa Tanzania na kushika wa jirani wenye nguvu zaidi. Mwenye simu ataligundua hilo salio linapopungua kwa kasi, au menyu ya fedha inapokataa kufunguka.

Saa nayo huchezewa. Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyowekwa kujirekebisha yenyewe ikishika mnara wa ng'ambo hurudisha saa nyuma. Inapokuwa saa 2 asubuhi Kigoma, yenyewe inasema ni saa moja. Msafiri anayeitegemea simu hiyo atafika stendi basi likiwa limeondoka, na wala hatajua kwamba kosa lilianza akiwa ndani ya boti.

Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo watu wameizoea hadi hawaioni tena. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko: saa moja asubuhi, saa mbili, saa tatu. Mashine husema 07:00, 08:00, 09:00. Hata programu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili hubadilisha maneno na kuziacha saa zilezile. Mwenye haraka akiandikiwa mzigo utafika saa 3:00 lazima aulize: ya Kiswahili au ya simu? Kila anapouliza, dakika inapotea. Asipouliza, siku inaweza kupotea.

VIDOLE VILIVYOLIWA NA KAMBA

Tarehe 1 Mei 2019 ilianza kazi ya kusajili laini zote za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, kisha ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa zuri: kupunguza utapeli kwa kumjua mwenye kila laini. Lakini mashine ya kusoma vidole hutaka kidole chenye mistari iliyo wazi. Mvuvi anayevuta kamba na nyavu kila usiku, au mama anayeparua samaki na kuanika dagaa juani, ana vidole vilivyochakaa. Mashine hizo popote duniani huwasoma kwa shida watu wa kazi za mikono. Na laini ikifungwa haipotei simu peke yake. Hupotea njia ya kupokelea fedha, na pamoja nayo wateja wanaoijua namba hiyo kwa miaka.

USHURU, RISITI NA KARATASI INAYOFIFIA

Malipo ya serikali nayo yamepitia mabadiliko makubwa. Tangu mwaka 2017 mfumo wa malipo wa Wizara ya Fedha, GePG, umekuwa ukiunganisha taasisi za umma na mabenki pamoja na mitandao ya simu. Faida yake ni kubwa: fedha haipiti tena mkononi mwa karani, na wale waliokuwa wakikusanya ushuru kwa vitabu viwili wamebanwa.

Lakini mnyororo wake ni mrefu. Ofisa huingiza maelezo kwenye kompyuta. Mfumo hutoa kontroo namba. Mlipaji hulipa kwa simu. Mtandao wa simu hutoa taarifa. Taarifa hurudi kwa taasisi. Ofisa huona kwamba deni limelipwa, ndipo kibali hutolewa. Pete moja ikikatika, mlipaji hubaki na ujumbe wa simu unaosema amelipa, mbele ya ofisa ambaye kioo chake kinasema hajalipa. Ofisa hana mamlaka ya kuuamini ujumbe kuliko kioo. Boti la kwenda Kalemie au Bujumbura haliwezi kungoja mabishano hayo yamalizike.

Mashine za risiti za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zina kasoro ya aina yake. Risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi isiyohitaji wino, inayogeuka rangi kwa joto. Joto lilelile linalochapa maandishi ndilo linaloyaharibu. Risiti iliyokaa mfukoni, kwenye dashibodi ya gari au chini ya bati la kibanda cha Ujiji hufifia na kuwa karatasi nyeupe, ilhali sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5.

WIKI MOJA YA MEI 2024

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na intaneti ilidorora nchi nzima. Siku tatu baadaye, Jumatano ya tarehe 15 Mei, shughuli za uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika zilisimamishwa hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane.

Matukio hayo mawili hayakuhusiana, lakini yakiwekwa pamoja yanafundisha jambo. Kufungwa kwa ziwa kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu kulisimamisha mapato ya miezi 3. Hata hivyo kulikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Mwenye mtumbwi aliweza kupanga, mwenye ghala aliweza kununua mapema, na mwenye deni aliweza kuzungumza na anayemdai. Intaneti ilipodorora, asubuhi ya kwanza mtumiaji wa kawaida hakujua kama kasoro ni ya simu yake, ya kifurushi chake, ya mnara wa mtaa wake au ya dunia nzima. Wengi hununua kifurushi kingine katika hali kama hiyo, wakidhani cha kwanza kimekwisha.

Kwa maneno mengine, biashara huvumilia hasara inayojulikana kuliko mashaka. Ndiyo maana mbalamwezi haijawahi kumfilisi mfanyabiashara makini wa dagaa.

NANI ANALIPA

Tatizo la mitambo hii si ukosefu wa wataalamu, wala si kwamba wananchi hawajaelimika, kama inavyosemwa mara kwa mara. Mama aliyeweza kuendesha biashara kwa shilingi, faranga za Burundi na faranga za Kongo kwa wakati mmoja, bila kikokotoo, hashindwi na menyu ya simu kwa sababu ya ujinga. Anashindwa kwa sababu menyu hiyo ilijaribiwa ofisini, penye mtandao mzuri, umeme wa uhakika na mtu asiye na haraka.

Aliyeunda mtambo analipwa mshahara wake uwe umegoma au haukugoma. Kampuni inapata ada yake muamala ukifika. Taasisi inapata ushuru wake, leo au kesho. Katika mnyororo wote huo mtu mmoja tu ana mali inayooza, na huyo ndiye anayebebeshwa gharama ya kungoja.

Tiba si ya gharama kubwa. Muamala ukikwama, mtambo useme wazi kwamba umekwama, fedha iko wapi, na itarudi baada ya muda gani. Ujumbe uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ukitaja kosa na hatua inayofuata. Ofisa apewe njia ya kuhakikisha malipo mtandao unapokatika, hata kwa kupiga simu. Na kabla mtambo mpya haujasambazwa nchi nzima, ujaribiwe wiki moja Kibirizi, saa 12 asubuhi, mitumbwi inapoingia. Ukipita hapo, utapita popote.

Sheria zipo za kuanzia. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ni ya mwaka 2015, na Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Umeme una msimamizi wake, EWURA, na simu zina TCRA. Lakini malalamiko mengi ya mwambao huishia mwaloni, kwa sababu anayedai shilingi elfu 20 hawezi kupoteza siku 2 za kazi kuzifuatilia.

TAHADHARI KWA WAFANYABIASHARA

Wakati marekebisho hayo yanasubiriwa, yapo mambo machache yanayopunguza hasara. Mwenye friza asingoje uniti ziishe. Anunue umeme mchana, na namba zake aziandike pia kwenye karatasi, kwa mafungu ya tarakimu nne nne, ili akikosea ajue amekosea wapi.

Anayetuma fedha na simu ikaganda asitume tena kabla hajaangalia salio na kusubiri. Namba ya kumbukumbu ya muamala ndiyo ushahidi wake, asiifute. Aliyekosea namba apige huduma kwa wateja papo hapo, kwani fedha ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi ngumu. Wakala aangalie salio lake mwenyewe badala ya kuamini ujumbe anaoonyeshwa na mteja.

Anayesafiri ziwani azime utaratibu wa simu kujichagulia mtandao na kujirekebisha saa. Mwenye kulipia ushuru aombe kontroo namba siku moja kabla ya kupakia, si boti likiwa limewasha injini. Risiti za EFD zitolewe nakala au zipigwe picha zingali zinasomeka.

Na katika daftari la biashara iongezwe safu moja: siku mtambo ulipogoma, muda uliopotea, na kilichoharibika. Miezi 6 ya kumbukumbu hizo itamwonyesha mwenye biashara gharama ambayo amekuwa akiilipa bila kuijua. Zikikusanywa kutoka kwa wafanyabiashara wa mwalo mzima, zitakuwa hoja nzito mezani kwa mhusika yeyote kuliko manung'uniko ya foleni.